Haji Mgonjwa na Tabibu wa Ugenini

Wako mahujaji wafichao maradhi Mina, wakichelea tabibu atawaharibia ihramu. Hilo si neno la sharia. Kaab bin Ujra alipoudhiwa na chawa kichwani, naye yu katika ihramu, Mtume (s.a.w.) alimruhusu kunyoa na kutoa fidia: kufunga siku 3, au kulisha maskini 6, au kuchinja mbuzi. Ama sindano, na dawa isiyo na manukato, hazina hata fidia. Na hospitali za Makka na Mina huwatibu mahujaji bila ya malipo.

Mwaka 2024 serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301 vya mahujaji. Katika kila 100, kiasi cha 83 hawakuwa na kibali, wakatembea mbali juani bila ya kivuli. Hata hao wasio na kibali, waliofikishwa kwa matabibu walitibiwa.