Dondoo muhimu: Uwanja wa vita wa Antietam, Maryland

Anza asubuhi na mapema upande wa kaskazini, kwenye shamba la mahindi. Mapigano ya Septemba 17, 1862, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, yalianzia hapo kulipokucha, yakasogea kusini kutwa nzima. Ukifuata mwelekeo huo, vituo vyote 11 vya ziara vitaeleweka.

Mzunguko wa gari ni kama kilomita 14 tu, lakini usiumalize bila kushuka. Tembea ndani ya Bloody Lane, njia ya mikokoteni iliyochimbika kwa miaka mingi. Ukiwa humo utaona kwa nini askari wa Kusini waliitumia kama handaki, na namna walivyonaswa adui alipopata nafasi ya kuwapiga kutoka ubavuni. Kwenye uwanja wote, watu wapatao 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea siku hiyo moja. Bloody Lane inastahili saa nzima, kwa utulivu.

Ukitokea Harpers Ferry, pitia Shepherdstown: divisheni ya A. P. Hill, jenerali wa Kusini, ilitoka Harpers Ferry kwa miguu na kuwahi mapigano ya jioni.

Daraja la Burnside, kusini mwa uwanja, huvukwa kwa miguu. Vaa suruali ndefu, na ukitoka majanini jikague kama una kupe.