Ujira wa Mama wa Kihambani

Someni: Mithali 31:10–31, Yakobo 5:1–4, Hesabu 27:1–11.

Mwezi huu twataka kulitazama jambo lililo karibu nasi sana, nalo ni hili: kazi ya mama hupokewa na nani ujira wake?

Tazameni kihamba chochote cha Machame, Old Moshi au Mwika. Alfajiri mama hutoka na mundu kukata majani ya ng'ombe, naye hurudi akipanda mlima na mzigo kichwani. Mbolea ya zizini huipeleka migombani. Wakati wa mavuno huchuma kahawa mbivu pamoja na watoto, huiosha na kuianika. Lakini siku ya malipo, jina liitwalo chamani mara nyingi ni la baba peke yake.

Desturi hii ina asili yake. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mibuni ilipandwa kihambani, na kihamba kilihesabiwa kuwa cha mwanamume. Basi fedha zake zikawa za mwanamume. Mama akaachiwa ndizi na maziwa, na senti za sokoni Mwika au Kiboriloni. Kwa senti hizo hununua chumvi na sabuni, na mara nyingi madaftari ya watoto.

Wako wasemao, "Mume ndiye kichwa, ya nini kuhesabiana?" Twajibu: Yakobo awakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji, naye asema kilio chao kimemfikia Bwana. Ikiwa Mungu husikia kilio cha kibarua, je, hasikii cha mke aliye mwili mmoja na mumewe?

Siku baba afapo, kosa hili hudhihirika. Ndugu za marehemu humwuliza mjane, "Ulikuja na nini hapa?" Miaka thelathini ya jasho lake haihesabiwi. Sivyo alivyotenda Musa. Binti watano wa Selofehadi walipodai urithi, alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akasema wamenena haki.

Sheria ya nchi nayo yashuhudia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuipata mali ya ndoa, ingawa mama huyo mwenyewe hakuongezewa kitu. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakataa desturi imnyimayo mwanamke haki ya kuwa na ardhi.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Sisi twakisifu chanda siku ya arusi, kisha pete twavaa wenyewe. Basi yatupasa kutengeneza. Mume na mke wakae pamoja na kuhesabu fedha za kahawa kabla hazijatumika. Baba aandike wosia angali mzima, asiwasahau mkewe na binti zake. Nao wazee wa kanisa wasimame na mjane mapema, wasingoje mpaka afukuzwe.

Maswali ya kuzungumza:
1. Nyumbani mwako nani alijua bei ya kahawa ya msimu uliopita?
2. Binti za Selofehadi wangekuja kwa wazee wa usharika wetu, wangejibiwaje?