Mdai Alete Ushahidi

Tuseme mtu amemkopesha mwenzake fedha sokoni hapa Tarakea, bila maandishi wala shahidi. Siku ya kudai, mwenzake anakana. Nani atathibitisha?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mdai ndiye aletaye ushahidi, na mwenye kukana ni juu yake kiapo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, iliyofuata ile ya India ya mwaka 1872, nayo inamtwika mdai mzigo huo. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, ni vivyo hivyo.

Tofauti ipo. Fiqhi imetaja idadi ya mashahidi wa deni. Wakikosekana na mdaiwa akiapa, dai huanguka. Mahakama ya serikali haishurutishi idadi, bali hupima uzito wa ushahidi, na nyaraka huambatanishwa na hati ya madai tangu mwanzo.

Basi maandalizi ya kesi huanza siku ya kukopeshana. Ndivyo inavyotuagiza aya ya 282 ya Suratul Baqarah: tuandike deni na tuweke mashahidi. Tusione haya kuandikiana hata na ndugu. Karatasi hulinda mali, na hulinda udugu pia. Wabillahi tawfiq.