Pesa Zetu Hupitia Wapi? Somo la Maharagwe

Somo la leo linafaa kusomwa mkiwa mmekaa pamoja, mtu mmoja akisoma kwa sauti. Mtahitaji maharagwe makavu na mikebe sita.

Tuanze na kosa letu sisi watu wa maendeleo. Tumezoea kusimama mbele ya akina mama na kuwaambia wasitumie pesa ovyo. Mara nyingi pesa zenyewe ni kidogo, na kumwambia mwenye shilingi mia ajibane ni kama kumtukana. Lakini tumeona pia nyumba mbili zenye shamba sawa na mapato karibu sawa, moja inalipa karo, nyingine inakimbilia mkopo kila Januari. Hapo ndipo tunataka kuangalia.

Katika kikundi kimoja tulikubaliana kila mwanachama aweke mikebe nyumbani kwa wiki moja. Haragwe moja ni shilingi 10. Kuna mkebe wa chakula, wa shule, wa shamba, wa dawa, wa kanisa na harambee, na wa mwisho tukauita "Sijui." Kila jioni kabla ya kulala unatia maharagwe kulingana na ulivyotumia siku hiyo. Kama hukumbuki, ama unaona haya kusema, yanaingia kwa Sijui. Hakuna kuandika, kwa hivyo hata nyanya wa kikundi asiyejua kusoma alishika hesabu vizuri, pengine kutushinda sisi wenye daftari.

Wiki iliyofuata tukamwaga mikebe mezani. Mama mmoja muuza sukuma alikuwa na maharagwe 43 ndani ya Sijui, yaani shilingi 430. Mama huyu alikuwa amekosa hisa yake ya shilingi 100 mara tatu mfululizo na kupigwa faini, na binti yake alikuwa nyumbani kwa sababu ya karo ya bweni. Mwekahazina akazidisha kwa wiki 52, akapata shilingi 22,360. Mama akasema, "Hiyo si yangu." Akayahesabu upya yeye mwenyewe, polepole, na hakuna aliyecheka.

Sisi pia tulikuwa tumeweka mikebe. Sijui yetu ilikuwa nzito kuliko yake, sanasana kwa kredit ya simu na chai ya mjini. Tulilisema hilo mbele ya wote, na hapo ndipo wengine wakaanza kufungua midomo.

Za huyo mama zilikuwa za chai na mandazi sokoni, kredit ya shilingi 20 kila asubuhi, na ada za mikopo ya simu. Hii mikopo tuiangalie vizuri. Pesa za simu zilipoanza Kenya mwaka wa 2007, zilitupunguzia hatari ya kubeba noti kwa matatu. Mikopo ikafuata. M-Shwari ilipoanza mwaka wa 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inaonekana kidogo. Sasa chukua elfu 2 kwa ada kama hiyo, rudisha, chukua tena, mwaka mzima. Kila mara unalipa 150. Mara 12 ni shilingi 1,800, na bado ni zile elfu 2 zilezile unazozungusha. Kwa shida ya ghafla, kama mtoto kuugua usiku, mkopo huo unasaidia. Kwa kununua unga kila mwezi, unakula unga wa mwezi ujao.

Vijana wanaocheza kamari kwa simu nao wapewe mkebe wao peke yake. Wataona wenyewe.

Kuacha mazoea kwa kuapa ni vigumu, kwa sababu zoea lina saa yake na mahali pake. Mama wetu alikuwa akinunua chai saa nne, pesa za kwanza zikishaingia mkononi. Hakuapa chochote. Alianza kubeba chai kwa chupa kutoka nyumbani, na siku ya soko akawa anampa mwekahazina shilingi 100 kabla ya kufungua gunia. Kredit aliiacha vilevile, kwa sababu wateja humpigia, na tuliona ana haki. Mafuta ya kupikia aliyokuwa akipima kidogo kidogo kila siku, watatu wakachanga wakanunua mtungi na kugawana, ikawa nafuu.

Mkopo wa simu ulimchukua miezi minne kuumaliza. Mwezi wa pili aliteleza, akakopa tena, akatueleza mwenyewe. Binti alirudi shule muhula uliofuata, deni la karo likiwa bado halijaisha.

Maswali ya kujadiliana: Je, ni saa ngapi na mahali gani pesa zako hutoka bila kujua? Ni matumizi gani ambayo wengine huyaita ovyo, nawe unaona yana maana? Mtu akiona haya kumwaga mkebe wake mbele ya wengine, kikundi kifanye nini? Na je, mume na mke waweke mikebe pamoja, au kila mtu yake?