Skauti Si wa Siku ya Sherehe Tu

Watu wengi humfahamu skauti kwa siku moja tu, nayo ni siku ya sherehe. Humwona amesimama wima mbele ya jukwaa, sare imepigwa pasi, akimvisha mgeni wa heshima skafu shingoni. Siku hiyo mama hutabasamu na baba hujiona tajiri. Lakini Jumamosi ifuatayo, kijana yule yule akiomba ruhusa ya kwenda mkutanoni, huambiwa, "Leo kuna kazi, michezo yenu itangoja." Wazazi wapendwa, yafaa tulitazame jambo hili, kwani atakaye sherehe bila mkutano wa kila juma atazamia mavuno katika shamba asilolilima.

Turudi kwenye asili. Mwezi Agosti 1907, jemadari Mwingereza Robert Baden-Powell aliwachukua wavulana wapatao 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi yao walikuwa wana wa matajiri, na wengine wana wa wafanyakazi wa kawaida. Aliwaita kwa baragumu la pembe ya tandala alilotoka nalo Afrika, akawagawa katika makundi manne, na kila kundi akaliweka chini ya mvulana mmoja. Hapo ndipo ilipo siri ya uskauti. Siri hiyo si hema, wala filimbi, wala sare. Ni kumkabidhi kijana wenzake, awatunze na kuwajibika kwa ajili yao. Mwaka 1920 Padre Jacques Sevin, Mjesuiti, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha maskauti Wakatoliki wa Ufaransa, kwa kuwa aliona malezi hayo yaweza kukaa vema pamoja na Injili.

Sasa, mkutano wa juma waendeshwaje? Vijana husimama nusu duara, bendera hupandishwa, na sala husemwa. Kiongozi wa kila kundi huwakagua wenzake: kucha, viatu, daftari. Kisha kila kundi, la vijana sita hadi wanane, hukaa mahali pake na kujifunza. Chukueni mfano wa lile fundo la kuunganisha ncha mbili za bendeji. Likifungwa vema hulala bapa, halimwumizi majeruhi, na hufunguka kwa urahisi. Aliyelijua juma lililopita humfundisha asiyelijua, na kiongozi hana raha mpaka wa mwisho ameliweza. Baada ya michezo, viongozi wa makundi huketi barazani pamoja na mkubwa wao, wakashauriana mambo ya kikosi kizima. Hapo mtoto wa miaka 14 hujifunza kuwasemea wengine, wala si kujisemea mwenyewe tu.

Mwaka nao una nyakati zake. Tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa Baden-Powell mwaka 1857, maskauti huikumbuka ahadi yao. Na nchini Kenya hukusanyika Nyeri, alikozikwa mwaka 1941. Tarehe 23 Aprili ni sikukuu ya Mtakatifu Georgi, msimamizi wao. Wakati wa likizo huja kambi. Na katika Majilio, tangu mwaka 1986, moto uliowashwa katika pango la Bethlehemu hupelekwa Austria, na kutoka huko maskauti huupokezana, taa kwa taa, mpaka nchi nyingine nyingi.

Lakini angalieni: nyakati hizo hazimfundishi kijana jambo jipya, hulidhihirisha lile alilolipata juma kwa juma. Mvua ikinyesha kambini usiku wa manane, ndipo itakapojulikana ni nani aliyejifunza kufunga kamba ya hema na ni nani aliyekuwa akichungulia dirishani. Naye atakayeipokea taa ya Bethlehemu asipozoea kuaminiwa na jambo dogo, itamzimikia njiani.

Kwa hiyo twawashauri wazazi mambo matatu. Kwanza, saa za mkutano zihesabiwe kuwa kazi, wala zisiwe zawadi ya kunyang'anywa mtoto akikosea. Kazi za nyumbani zisiachwe, ila zipangwe kabla au baada. Pili, wafahamuni wanaowaongoza watoto wenu. Nendeni mkutanoni, ulizeni majina, hakikisheni kwamba daima wapo watu wazima zaidi ya mmoja, hasa safarini na kambini. Kiongozi mwema hufurahi kuulizwa. Tatu, msimwondoe kijana anapofika miaka 14 au 15 kwa kudhani amekua mno. Huo ndio umri wa kukabidhiwa wadogo. Akiondoka wakati huo, amekula mbegu kabla ya kupanda. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Juu ya kaburi lile la Nyeri imechongwa duara yenye nukta katikati. Katika alama za njia za maskauti, maana yake ni: nimekwenda nyumbani. Basi, kijana wenu arudipo Jumamosi jioni, msimwulize kama ameshinda mchezo. Tazameni kama ameuona mtungi mtupu akaujaza bila kutumwa. Skauti ameahidi kusaidia watu kila siku, na watu wa kwanza ni wale wa nyumbani mwake.