Giaboksi ya Otomatiki Katika Njia ya Milimani

Mazinde, katika Wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, ipo chini kabisa ya ukuta wa Milima ya Usambara. Barabara kuu iendayo Moshi hupita hapo katika tambarare ya mashamba ya mkonge, na gari huweza kwenda kilomita nyingi bila kubadili gia. Lakini gari hilo hilo likifika Mombo na kushika njia ya Soni na Lushoto, hali hugeuka. Kwa mwendo wa takriban kilomita 33 hupanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde. Hapo ndipo madereva wa magari ya otomatiki huanza kulalamika: gia zinapanda na kushuka bila kutulia, injini inanguruma bila gari kuongeza mwendo, na wakati wa kuteremka gari hukimbia kuliko inavyotakiwa.

Baadhi yao husema kwamba giaboksi ni mbovu, na wengine kwamba magari ya namna hiyo hayafai milimani. Mara nyingi kauli zote mbili si sahihi. Chanzo cha tatizo ni kwamba giaboksi ya otomatiki haioni barabara. Jambo hili linastahili kufahamika, kwa kuwa magari mengi yaliyotumika yaletwayo nchini kutoka Japani ni ya otomatiki, na pia kwa sababu fizikia inayolieleza ni ile ile ifundishwayo katika shule za sekondari.

Kani inayohitajika mlimani

Tuchukue gari lenye masi ya kilo 1,500 pamoja na abiria wake, likienda kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde. Katika tambarare ya Mazinde, kani inayolizuia ni msuguano wa magurudumu na ukinzani wa hewa tu, ambayo kwa pamoja ni kama nyutoni 300. Uwezo unaohitajika, yaani kazi ifanyikayo kila sekunde, ni kilowati 4 hivi.

Sasa gari lipande mahali penye mwinamo wa mita 8 kwa kila mita 100 za njia. Sehemu ya uzito inayolivuta nyuma ni 1,500 × 9.8 × 0.08, sawa na nyutoni 1,176. Ukijumlisha na zile 300 za awali, gari linahitaji karibu nyutoni 1,480 na uwezo wa kilowati 20 na zaidi. Mwendo haukubadilika, lakini mzigo wa injini umekuwa mara tano.

Gia ni namna ya wenzo. Huongeza kani ya kuzungusha magurudumu kwa gharama ya mwendo. Tuseme injini inatoa momenti ya nyutoni-mita 100, gia ya mwisho iliyoko kwenye ekseli huizidisha mara 4, na nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.3. Tukiacha hasara ndogo ndogo, kani itakayosukuma gari ni kama ifuatavyo:

Gia ya nne (uwiano 0.7): nyutoni 930.
Gia ya tatu (uwiano 1.0): nyutoni 1,330.
Gia ya pili (uwiano 1.55): nyutoni 2,070.

Msomaji ataona mara moja kwamba hakuna gia inayolingana sawasawa na zile nyutoni 1,480. Ya tatu inapungukiwa kidogo, na ya pili inazidi.

Jinsi giaboksi inavyochagua gia

Katika gari la kawaida dereva hukata klachi kwa mguu na kubadili gia kwa mkono. Katika gari la otomatiki, mahali pa klachi hiyo pana chombo cha duara kilichojaa mafuta, kiitwacho toki konveta. Ndani yake mna magurudumu mawili yenye mapanga kama ya feni, yaliyoelekeana. La kwanza huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta. La pili hupigwa na mafuta hayo na kuzungusha giaboksi. Gurudumu dogo la tatu, lililo katikati, huyageuza mafuta yanaporudi ili yasaidie kusukuma. Asili ya chombo hiki ni kazi ya mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka 1905 kwa ajili ya mitambo ya meli. Giaboksi kamili ya otomatiki iliyouzwa kwa wingi, Hydra-Matic ya kampuni ya General Motors ya Marekani, ilitangazwa mwaka 1939.

Uamuzi wa kubadili gia hutegemea hasa habari mbili: mwendo wa gari, na kiasi ambacho kanyagio la mafuta limekandamizwa. Mwendo ukiongezeka na kanyagio likilegezwa, giaboksi huingia gia nyepesi, yaani ya tatu au ya nne. Mwendo ukipungua na kanyagio likikandamizwa sana, hurudi kwenye gia nzito, yaani ya pili au ya kwanza. Katika tambarare habari hizo mbili zinatosha. Mlimani hazitoshi, kwa sababu kona na mwinamo ulioko mbele havimo ndani yake.

Gia kupanda na kushuka bila kutulia

Turudie mfano wetu. Gari likiwa katika gia ya tatu linapungukiwa na nyutoni 150, hivyo mwendo wake hupungua polepole. Kutoka kilomita 55 hadi 45 kwa saa huchukua karibu nusu dakika. Giaboksi hurudi gia ya pili. Sasa kuna ziada ya nyutoni 590, na gari hurejea kilomita 55 kwa muda wa sekunde 7 hivi. Giaboksi, ikidhani kwamba mlima umekwisha, huingia tena gia ya tatu. Mzunguko huu huweza kuendelea muda wote ambao mwinamo haubadiliki: kwa dakika kumi gia zitabadilika zaidi ya mara thelathini. Hakuna kilichoharibika, mtambo unatii kanuni uliyopewa.

Hata hivyo utii huo una gharama, nayo ni joto. Kila badiliko hufanya sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi zisuguane. Zaidi ya hayo, katika konveta gurudumu la pili huzunguka polepole kuliko la kwanza. Ikiwa moja ya tano ya kilowati 20 inapotea humo, kilowati 4 hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta, sawa na pasi nne za umeme za wati 1,000. Mafuta hayo hupozwa kwa kupitishwa kwenye rejeta. Rejeta ikiwa chafu au mafuta yakiwa pungufu, joto huzidi. Mafuta mekundu yanapogeuka kuwa ya kahawia iliyokolea na kunuka kama kitu kilichoungua, hiyo ni dalili kwamba klachi za ndani zimeanza kuliwa.

Hatari kubwa ni kuteremka

Madhara ya kupanda ni ya mfukoni. Madhara ya kuteremka huweza kugharimu maisha. Gari letu likiwa Lushoto lina nishati tuli iliyozidi ile ya Mombo kwa 1,500 × 9.8 × 1,000, yaani jouli milioni 14.7. Nishati hiyo ingeweza kuchemsha zaidi ya lita 45 za maji yaliyo katika nyuzi 25 za Sentigredi. Yote lazima iende mahali kabla gari halijafika chini.

Dereva anapoteremka huinua mguu. Kwa giaboksi, kanyagio lililoachwa ni ishara kwamba nguvu haihitajiki, nayo huingia gia nyepesi. Katika gia hiyo injini huzunguka polepole na haizuii gari, hivyo karibu mzigo wote huangukia breki. Breki zilizopata moto kupita kiasi hupoteza mkamato. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka: mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakiisha kunyonya maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hushindilika, na kanyagio la breki huzama bila kusimamisha gari.

Yapasayo kufanywa

Kwa kuwa giaboksi haioni barabara, dereva ndiye aiambie. Kabla ya kuanza mlima aondoe gia ya nne kwa kubonyeza kitufe cha O/D, au asogeze mkono wa gia kutoka D hadi 2. Gia itatulia, ingawa injini itapiga kelele zaidi. Wakati wa kuteremka afanye vivyo hivyo mapema, gari likiwa bado linakwenda polepole, ili injini ishike gari. Penye mwinamo mkali zaidi atumie L. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ziachiwe zipoe, si kukanyagwa kidogo kidogo njia nzima.

Kuteremka kwa frii ili kubana mafuta ni kosa kubwa. Kuzima injini ni kosa kubwa zaidi, kwa maana pampu inayolainisha giaboksi huendeshwa na injini, na msaada wa breki na usukani pia hutoka humo.

Yako magari ya miaka ya karibuni ambayo kompyuta yake hukadiria mwinamo kwa kulinganisha nguvu ya injini na mchapuko wa gari, na kushikilia gia ifaayo. Lakini hata hiyo huhisi mlima baada ya kuufikia. Jicho la dereva huuona kabla.

Mazoezi

1. Tafuta kani inayolivuta nyuma gari la kilo 2,000 katika mwinamo wa mita 10 kwa kila mita 100.
2. Vuta kipande cha mti juu ya ubao kwa mizani ya springi. Inua ncha moja ya ubao hatua kwa hatua, kisha chora grafu ya kani dhidi ya mwinuko.
3. Eleza kwa nini gari la otomatiki lililokwisha betri haliwaki kwa kusukumwa.