Kisunzi Si Jina la Ugonjwa

Muhula uliopita dadangu alizirai mara tatu, na kila jirani hapa Magogoni akampa ugonjwa wake: huyu pepo, yule kifafa. Mama akatutia matatuni, tukavuka daraja la Nyali hadi Coast General.

Daktari alianza kwa maswali. Je, dunia ilikuzunguka, ama uliona giza machoni? Ulikuwa umesimama? Kisha akanigeukia mimi, kwani aliyezimia hajioni: alitukutika? Aliuma ulimi? Nikamwambia la, alianguka paredini akazinduka upesi. Kifafa, akasema, hakielekei.

Presha alipimwa amelala, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20, au ya chini 10, hiyo ni dalili. Yake ilishuka kidogo tu. Damu ndiyo iliyosema: himoglobini 8, na msichana wa miaka 15 yatakiwa isipungue 12. Choo nacho kikaonyesha mayai ya minyoo. Kumbe safura! Minyoo hao huingilia nyayo zisizo viatu, wakanyonya damu tumboni polepole.

Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma vya miezi mitatu. Nyanya bado asema ni pepo, ila vidonge ni yeye amkumbushaye.